Juma ni Ijumaa, ni wiki au ni mkusanyiko? Tulifumue hili jina

Ukimuuliza mtu jina Juma maana yake nini anakujibu hapohapo bila hata kufikiri, ni mtoto aliyezaliwa Ijumaa, basi, habari imeisha. Muulize wa pili, atakwambia juma ni wiki bwana, si tunasema juma lijalo. Ukibahatika kumpata aliyekaa madrasa kidogo atakukatisha, hapana, asili yake ni kukusanyika. Na wote watatu wako sahihi, ila hakuna hata mmoja anayeeleza imekuwaje neno moja likabeba siku, likabeba siku saba, likabeba na kundi la watu, halafu bado likabaki kuwa jina la mtu unayesoma naye darasa moja. Tena hiyo ya kukusanyika ukishaikubali tu vurugu ndo inaanza, manake kila neno la Kiswahili lenye J na M linakuja kudai undugu, jumla, jamhuri, jamala, jumba, jumuiya, mpaka jemadari, na humo wapo ndugu wa damu kabisa na wapo wanaofanana sura tu.

Chanzo cha vurugu ni herufi moja. Kiarabu kinajenga maneno yake juu ya mizizi ya herufi, mara nyingi tatu, na Juma katoka kwenye jim (J yao), mim (M yao) na ain, mzizi ambao wazo lake ni kukusanya, kuleta vitu au watu pamoja. Sasa hiyo ain ni sauti ya kooni ndani kabisa, Kiswahili hatuna, kwahiyo neno likishavuka kuja kwetu ain inadondoka njiani zinabaki J na M peke yake. Mwarabu akisikia neno lenye jim-mim-ain na lingine lenye jim-mim-lam, lam ndo L yao, hawezi kuyachanganya hata usingizini, kwake ni familia mbili tofauti. Sisi tukiyasikia yote ni juma-juma tu.

Bahati nzuri ain haikuondoka bila kuacha alama. Angalia maneno yetu yenye irabu mbili zimefuatana mwishoni, jamaa, jamii, na Jumaa kama wanavyoandika na kutamka watu wengi wa pwani ya Kenya. Zile aa na ii ndo pale ain ilipokuwa imekaa. Kiarabu wanasema jamaʿa kwa kundi la watu, sisi tumepata jamaa, wao wanasema jamiʿ kwa maana ya wote, sisi tumepata jamii, wao jumʿa sisi Jumaa, halafu wengine wakaifupisha ikabaki Juma. Alama hii isikupe kiburi lakini ukaanza kuisaka kila mahali, kukaa na kuzaa zina irabu mbili na ni Kibantu kitupu, ila kwenye maneno yaliyokuja na Uislamu au biashara ya bahari inasaidia sana.

Kwahiyo ndugu halisi wa Juma ni kina nani? Jamaa, jamii, jumuiya, jumuika, jumuisha, majumuisho, hao hawana ubishi. Ujamaa pia, yaani ile siasa nzima ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ukiifukua mzizi wake unamkuta Juma amekaa hapo chini, na mwaka huohuo ndo ikaanzishwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyokuja kuvunjika 1977, nayo ni mzizi uleule. Wanazuoni wakikubaliana juu ya hukumu makubaliano yao yanaitwa ijmaa, mzizi uleule tena. Msikiti wa Jamia wa Nairobi, uleule, manake msikiti wa jamia ni ule unaokusanya watu kwa swala ya Ijumaa. Halafu kuna jimai na kujamiiana, hao wawili nao ni wa ukoo huu japo watu hawapendi kuwataja sebuleni, ni kukusanyika nako kwa namna yake.

Anayewashangaza wengi ni jemadari. Huyu hakuja moja kwa moja kutoka Uarabuni, alizunguka Uajemi na India kwanza, na huko jamadar alikuwa mwenye kundi, mkubwa wa kikosi cha askari, ile jam- ya mbele ni jim-mim-ain na dar ni Kiajemi cha mwenye kushika kitu. Kwahiyo jemadari na Juma ni watoto wa mjomba na shangazi, mmoja alikulia jeshini mwingine msikitini.

Sasa waliofanana sura tu. Wa kwanza na ndo anayeharibu zaidi ni jumla. Jumla ni jim, mim na lam, familia nyingine kabisa, na ndo maana kujumlisha na kujumuisha ni vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku hata kwenye barua za ofisi, unajumlisha namba upate jumla, unajumuisha watu au mambo ili yawemo ndani. Mtu akiandika "bei hii inajumlisha usafiri" alikuwa anataka kujumuisha. Cha kuchekesha ni kwamba Waarabu wenyewe kwenye hesabu tendo la kujumlisha wanaliita jamʿ, yaani mzizi wa Juma, sisi ndo tulienda kuchukua kwa jirani. Jamala, ule wema wa tabia na lugha nzuri, na majina Jamali na Jamila yenye habari ya uzuri, yote yanaishia na lam, hayana uhusiano na Juma.

Jamhuri ndo mbali zaidi, ina herufi nne, jim, mim, ha na ra, ikimaanisha umma, watu wengi. Kwa maana inakaribiana na kukusanyika kiasi kwamba ukiambiwa ni ndugu unakubali, lakini sio. Hujuma je? Hiyo imebeba jina zima la Juma tumboni mwake, na kina Juma wengi shuleni wametaniwa nayo, ila ni ha, jim na mim, habari ya kushambulia kwa ghafla, ndo hiyohiyo ya wahujumu uchumi waliosakwa Tanzania mwaka 1983. Jumba ni nyumba iliyokuzwa tu, Kibantu safi. Na jumbe, kile cheo cha mkuu wa kijiji ambacho Wajerumani walikikuta na kukitumia kwenye utawala wao, ambacho kimebaki pia kama jina la ukoo kama la Aboud Jumbe aliyekuwa rais wa Zanzibar kuanzia 1972 hadi 1984, nacho hakimo.

Turudi kwenye siku yenyewe. Zamani kabla ya Uislamu, kwa mapokezi ya Waarabu wenyewe, Ijumaa haikuitwa hivyo, iliitwa Aruba, na ukienda Ethiopia leo Kiamhari bado Ijumaa ni Arb. Ilipokuja swala ya pamoja ya mchana siku ile ikachukua jina la lile tendo, siku ya kukusanyika, na Qurani ina sura nzima yenye jina hilo, ya 62, ambayo aya yake ya 9 inawaambia waumini ikinadiwa swala siku ya Ijumaa waende kumkumbuka Mungu na waache biashara. Kukusanyika hapo sio lugha ya mapambo, ni sharti. Swala nyingine unaweza kuswali chumbani peke yako ikaswihi lakini hii hapana, ukiwa peke yako unaswali adhuhuri yako ya kawaida rakaa nne, ya Ijumaa ni rakaa mbili na hotuba na inataka watu. Wangapi? Madhehebu yametofautiana, Mashafii ambao ndo wengi kwenye mwambao wetu wanataka arobaini, Mahanafi wanaridhika na watu wachache sana. Kwahiyo mtoto akiitwa Juma amepewa jina la siku, lakini siku yenyewe ilikuwa na jina la umati.

Sasa hii ya juma kuwa wiki ilitokeaje? Kirahisi tu, siku moja ikawa kipimo. Ukihesabu kutoka Ijumaa mpaka Ijumaa umepata siku saba, na hata kwenye Kiarabu cha mitaani cha nchi kama Syria na Lebanon neno hilohilo la Ijumaa linatumika kwa maana ya wiki. Kwetu likatulia kama juma, wingi majuma, na lilikuwa na kazi nyingi tu mpaka wiki ya Kiingereza ilipoingia ikalipokonya. Leo juma utalisikia kwenye taarifa ya habari, kwenye mahubiri na kwa wazee, ila vijana wengi ni wiki tu, hata wikiendi hakuna anayehangaika kuitafutia juma lake.

Ila kuna mahali ambapo juma haijaondoka na haitaondoka, nako ni kwenye majina ya siku. Na hapa ndo penye utamu. Jumamosi ni juma na mosi, siku ya kwanza ya juma. Inakuja Jumapili, ya pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, halafu ghafla hesabu inakatika, inakuja Alhamisi. Alhamisi ni Kiarabu na maana yake ni ya tano. Yaani tuna siku mbili za tano zimefuatana, Jumatano ya tano kwa hesabu yetu na Alhamisi ya tano kwa hesabu ya Waarabu, na tunaishi nazo vizuri hakuna anayelalamika. Sababu ni kwamba Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, hiyo kwao ndo al-ahad, ya kwanza, na ukienda hivyo Alhamisi inaangukia tano. Waswahili wao waliangalia Ijumaa ndo kilele, mwisho wa mzunguko, kwahiyo kesho yake lazima iwe mwanzo mpya. Waturuki wanafikiri hivyohivyo, Jumamosi kwao ni Cumartesi, ambayo ni Cuma ertesi iliyounganishwa, kesho ya Ijumaa.

Kwanini hatukuendelea na Jumasita? Kuna jambo la kuangalia hapa, mosi, pili, tatu, nne na tano ni namba zetu za Kibantu, lakini sita ni ya Kiarabu, ya kwetu ilikuwa tandatu na imeshapotea midomoni mwa wengi. Hesabu ya siku imesimama palepale ambapo Alhamisi na Ijumaa, siku ya kujiandaa na siku yenyewe, zilikuwa tayari na majina yake ya kidini yenye uzito, nani angezibadilisha?

Wakristo walivyokuja na Biblia ya Kiswahili mkorogo ukaongezeka. Mathayo 28:1 inasema ikapambazuka siku ya kwanza ya juma, na siku hiyo kila mkristo anajua ndo ile ya ufufuo, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Jumapili, ya pili. Kwahiyo mchungaji anasoma siku ya kwanza akiwa amesimama kanisani siku ambayo jina lake linasema ya pili, na waumini wote wameelewa. Wasabato nao wanaposhikilia siku ya saba wanajikuta wanasali Jumamosi, siku ambayo jina lake linasema ya mosi. Na Ijumaa Kuu, siku ya kukumbuka kusulubiwa kwa Yesu, imebeba neno lilelile la swala ya msikitini na hakuna aliyewahi kuona shida. Mimi naona hii ni sifa kubwa ya Kiswahili, hakijali neno limetoka kwenye dini gani mradi linafanya kazi.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe, nani anaitwa Juma. Kanuni ya msingi ni ile, amezaliwa Ijumaa, na Juma hayuko peke yake kwenye utaratibu huu, yuko kwenye ukoo mzima wa majina ya wakati, Hamisi au Khamisi wa Alhamisi, Jumanne wa Jumanne, Idi wa sikukuu, Rajabu, Shabani na Ramadhani wa miezi. Wa kike wanapata Mwanajuma, au kama wanavyomtamka wengi Tanzania bara Mwajuma, kuna Mwanahamisi, kuna Mwanaidi. Angalia usije ukamchanganya Juma na Jumanne, wanaonekana baba na mtoto ila wametenganishwa na siku nne, na Jumanne sio Juma wanne.

Kuna kitu kinachowachanganya sana wanaojaribu kuhakiki. Mtoto kazaliwa Alhamisi saa tatu usiku, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Alhamisi, halafu bibi kampa jina Juma. Bibi hajakosea hata kidogo. Kwa hesabu ya Kiislamu, na ndo hesabu ya asili ya Waswahili, siku inaanza jua linapozama, kwahiyo usiku unatangulia mchana wake, na usiku huo unaofuata mchana wa Alhamisi tayari ni usiku wa Ijumaa. Ndo maana mzee wa pwani akikwambia kuna maulidi usiku wa Ijumaa ukatokea Ijumaa jioni utakuta majamvi yameshakunjwa tangu jana. Siku hizi watu wanasema usiku wa kuamkia Ijumaa ili kuondoa utata. Kwa upande wa pili aliyezaliwa Ijumaa saa nne usiku kwa hesabu hiyo ni wa Jumamosi, lakini hapo wazazi wengi hawahangaiki, wanampa Juma tu, cheti kinasema Ijumaa yatosha.

Halafu kuna akina Juma wasiohusiana na Ijumaa kabisa, na nadhani hao sasa ni wengi, kwa sababu jina likishakuwa la babu linarithiwa kama jina la babu, siku haiulizwi tena. Mfano mzuri ni Calestous Juma, yule profesa Mkenya wa sayansi na maendeleo aliyefundisha Harvard mpaka alipofariki mwaka 2017. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, fungua kalenda utaona ilikuwa Jumanne. Juma kwake lilikuwa jina la ukoo, na alitokea Budalangi, magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Huko magharibi kwa Waluhya na Wajaluo jina Juma limeota mizizi kwa Wakristo bila shida yoyote, mpaka Mkenya wa Nairobi akisikia ukoo wa Juma anaweza kufikiria magharibi kwanza kabla hajafikiria Mombasa. Mtanzania akisikia Juma kwa kawaida anaanza kufikiria Mwislamu. Jina moja, mpaka mmoja katikati, na picha mbili tofauti kichwani.

Ukitaka kinyume cha Calestous nenda Nigeria. Kihausa mtoto wa kiume wa Ijumaa anaitwa Danjuma, mwana wa Ijumaa, na wa kike Jummai. Jenerali Theophilus Danjuma, aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu na baadaye waziri wa ulinzi, ni Mkristo, na kazaliwa tarehe 9 Desemba 1938, ambayo ilikuwa Ijumaa kweli. Na utaratibu wenyewe wa kumpa mtoto siku hauhitaji Uislamu, Waakan wa Ghana wanao wa kwao, mvulana wa Ijumaa ni Kofi, na Kofi Annan alizaliwa Ijumaa tarehe 8 Aprili 1938. Yaani Kofi na Juma ukizitafsiri ni jina moja, ila hakuna hata herufi moja wanayoshirikiana.

Likisafiri jina hili linabadilisha tahajia kuliko sauti. Kongo na Burundi kwa sababu ya Kifaransa utalikuta Djuma. Uturuki ni Cuma na ile C wanaitamka J, kwahiyo Mturuki na Mzanzibari wakiitana majina watasikia kitu kilekile wakiandika vitu viwili. Kazakhstan linaanza na Zh kwenye majina marefu kama Zhumabayev. Somalia lipo Jimcaale, ambapo ile c ndo ain yenyewe, Wasomali wanayo na wameiandika, hawakuidondosha kama sisi. Na Madagascar Ijumaa ni Zoma, soko kubwa la Antananarivo likajulikana kwa jina hilo kwa sababu siku yake ilikuwa Ijumaa.

Usidanganyike na kila Juma wa duniani lakini. Msitu wa Amazon huko Brazil una watu wa asili wanaoitwa Juma, kabila dogo mno lililomalizwa na mauaji, na mwanaume wao wa mwisho Aruká Juma alifariki Februari 2021 kwa korona. Hilo halina Ijumaa ndani yake. Bangladesh kuna watu wa milima ya Chittagong wanaojiita Jumma, na jina lao linatokana na jum, kilimo chao cha kuhamahama cha kukata na kuchoma. Na Zuma wa Afrika Kusini ni ukoo wa Kizulu, sio Juma aliyeharibiwa matamshi, nimeshaona watu wakibishania hilo kwa ujasiri wa kutisha.

Sasa yale ambayo watu wanayahusisha na jina bila kujali mzizi. Kwa aliyesoma kwa Kiswahili kitu cha kwanza ni mfano wa darasani, Juma anacheza mpira, Juma anasoma kitabu, Juma alikuwa na maembe kumi akampa Asha manne. Ukifungua maandiko ya wataalamu wa isimu wanaochambua sentensi za Kiswahili unamkuta Juma pia, kapigwa, kapigiwa, kapigishwa, kapiganishwa, kila mnyambuliko umempitia. Waarabu kwenye sarufi yao wana Zayd ambaye karne zote hizi anampiga Amr, Waingereza wana John na Mary, sisi tuna Juma. Alipewa kazi hiyo nadhani kwa sababu ya urahisi, silabi mbili, ju na ma, kila mtoto anaziweza mwezi wa kwanza wa kusoma, na kila mtaa una mmoja. Matokeo yake Juma amekuwa mtu yeyote, akitajwa kwenye mfano hakuna anayeuliza Juma yupi.

Kuna wanaowaza michezo na muziki, na hapo kila rika lina Juma wake. Wakubwa watakutajia Juma Ikangaa, Mtanzania aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, rekodi ya mashindano hayo wakati ule. Waliofuata watasema Juma Kaseja golini au Juma Nature kwenye bongo fleva, na wa sasa watasema Jux, ambaye naye ni Juma. Halafu kuna wanaowaza mapumziko, manake Ijumaa ya mjini siku hizi ni Furahidei, siku iliyowekwa na wavuja jasho wa maofisini kusherehekea kazi kuisha, wakati mtu mwingine asubuhi ileile kajaza simu kwa jumbe za Jumaa Mubarak, yaani Ijumaa yenye baraka. Siku moja, furaha mbili ambazo hazijuani.

Zile kurasa za maana ya majina zinazokwambia Juma ni mpole, mkarimu, anapenda uongozi na namba yake ya bahati ni fulani, hizo ziache zilivyo, ukibadilisha jina ukaweka Hamisi maelezo yanabaki yaleyale.

Kilichobaki ni sarufi, na hapa hata wageni wanaojifunza lugha wanajikwaa. Juma la wiki ni la ngeli ya li-ya, juma limepita, majuma yamepita. Juma mtu ni wa ngeli ya watu, Juma amepita, na wingi wake sio majuma hata siku moja, ni akina Juma. Ukiandika kwa herufi kubwa na ndogo macho yanakusaidia, ukisema mdomoni ni kiambishi tu ndo kinakuokoa, kwahiyo Juma amekwisha ni habari ya msiba au ugonjwa mzito, na juma limekwisha ni kwamba kesho Jumamosi.